Kwa nini gofu ndiyo inayochangisha fedha za hisani kuliko michezo mingine, na kijana wa Tanga anapata nini?

#1 Mkaazi wa Chumbageni

Wanajukwaa, salaam. Nina swali na nina dai. Kampuni za hapa nchini zinapotaka kuchangisha fedha za madawati, za taulo za kike au za matibabu ya watoto, mara nyingi huandaa mashindano ya gofu. Haziandai bao wala ngalawa, na hazizikutanishi Coastal Union na African Sports pale Mkwakwani, ambako watu wangejaa hadi juu ya ukuta. Huandaa gofu, mchezo ambao ukipita Barabara ya Nane ukiuliza nani amewahi kuushika mpira wake, utamaliza barabara nzima hujapata jibu.

Mambo haya si ya Tanzania peke yake. PGA Tour ya Marekani, waandaaji wa mashindano ya gofu ya kulipwa, ilitangaza mwaka 2020 kwamba michango yake ya hisani imevuka dola bilioni 3. Dai langu ni kwamba gofu inatoa sana kwa sababu inachezwa na wachache wenye nacho, na hisani hiyo ni namna yao ya kusalimiana, huku kijana akionekana kwenye picha tu. Anayeweza kunipinga na aje na ushahidi.

#2 Mgosi wa Ndima

Mkuu, ngalawa zichangishe fedha vipi, na upepo ukikata mgeni rasmi analala baharini?

#3 Mhasibu wa Majani Mapana

Nimewahi kupitia hesabu za mashindano ya aina hii, si hapa Tanga, kwa hiyo nitaeleza namna yanavyoingiza fedha, na kila mmoja aamue mwenyewe kama ni salamu za wakubwa au ni biashara.

Uwanja kamili una mashimo 18. Kila shimo huuzwa kwa mdhamini, ambaye huweka bango lake pale panapopigiwa mkwaju wa kwanza, kwa hiyo kabla ya mtu yeyote kushika kijiti cha kupigia, tayari kuna wadhamini 18. Kisha timu za watu wanne hulipa ada ya kushiriki. Wachezaji wengi wa siku hiyo hawaujui mchezo vizuri, kwa hiyo huwekwa utaratibu ambao wote wanne hupiga, halafu mpira uliokaa mahali pazuri ndio unaofuatwa na timu nzima, na hivyo hakuna anayeaibika sana. Anayetaka kurudia mkwaju mbovu hununua ruhusa ya kurudia. Jioni kuna chakula na mnada.

Lipo pia gari lililoegeshwa kando ya shimo fupi, zawadi ya atakayeingiza mpira kwa mkwaju mmoja. Watu hudhani mdhamini amejitoa mhanga, kumbe gari hilo hukatiwa bima. Kwa mchezaji wa kawaida, nafasi ya kuingiza kwa mkwaju mmoja hukadiriwa kuwa 1 kati ya 12,500, kwa hiyo bima yake si ghali ukilinganisha na bei ya gari. Gari linapambwa utepe, kila mtu anapiga nalo picha, na jioni linarudi dukani.

Sababu nyingine ni hendikapu. Mpira wa miguu haumruhusu meneja mwenye kitambi kushindana na kijana wa miaka 20 bila kuaibika au kuvunjika. Kwenye gofu mchezaji dhaifu hupunguziwa mikwaju kulingana na kiwango chake, na tangu mwaka 2020 dunia nzima ina mfumo mmoja wa hesabu hiyo, ambamo hendikapu inaweza kufika hadi 54. Wanatembea pamoja saa nne au zaidi, wanazungumza, na aliyeombwa mchango hana pa kukimbilia. Ndiyo maana fedha zinapatikana.

#4 Mama Wawili wa Donge

Ahsante, Mhasibu. Hata hivyo hujasema kinachobaki baada ya chakula, muziki, fulana na kofia kulipwa. Tunatangaziwa kilichoingia. Je, kilichomfikia mtoto hutangazwa na nani?

#5 Mhasibu wa Majani Mapana

Mama Wawili, hapo ndipo palipo na ugonjwa. Tuseme mashindano yameingiza shilingi milioni 100 na gharama zimekula milioni 60. Kwenye hundi ile kubwa ya karatasi ngumu wengine huandika 40, na hao nawaheshimu. Wengine huandika 100, wakihesabu hata soda zilizotolewa bure na mdhamini. Sheria za uhasibu haziwakatazi kupiga picha.

Nimsahihishe pia Mkaazi, namba 1. Hizo bilioni 3 si za mwaka mmoja wala hazikutoka mfukoni mwa PGA Tour moja kwa moja. Ni jumla ya michango tangu mwaka 1938, walipotoa dola 10,000 kule Palm Beach. Mashindano yao mengi huendeshwa na taasisi za miji husika zisizogawana faida, ambazo hupata nafuu ya kodi na hutegemea watu wa kujitolea kushika kamba, kuhesabu mikwaju na kuelekeza magari. Kinachobaki hupelekwa kwenye hospitali, shule na vituo vya mji huo. Phoenix, kwa mfano, kuna Thunderbirds, kundi la watu wa mji lililoanza mwaka 1937. Kwa hiyo sehemu ya jibu la swali lako ni muundo wa kisheria, wala si ukarimu wa damu ya wacheza gofu.

#6 Mkaazi wa Chumbageni

Nashukuru kwa nyongeza hiyo. Hata ikiwa ni kwa miaka 80 na zaidi, bado ni bilioni 3, na umenipa silaha mwenyewe kwa kusema ni muundo wa kodi. Kwetu muundo huo haupo kwa namna hiyo, kwa hiyo kinachobaki ni hundi ya karatasi ngumu.

#7 Kedi Mstaafu

Naomba nizungumze kama mtu aliyeiona hisani hii akiwa upande wa mkoba. Nilipokuwa kijana nilikuwa kedi, yaani mbeba mikoba ya vijiti vya wachezaji, katika klabu moja ya Dar es Salaam kabla ya kurejea nyumbani Tanga. Siku ya mashindano ya hisani ndiyo makedi tuliyokuwa hatuipendi, na sababu itawashangaza wengi. Malipo yalikuwa yaleyale, lakini bakshishi ilipungua, kwa kuwa kila mchezaji alihisi amekwisha kutoa sadaka yake ya siku pale mezani alipolipa ada. Tulitembea uwanja mzima na mkoba begani, tukisikia hotuba za kuwasaidia vijana wasio na kazi, na vijana wenyewe ndio sisi.

Hata hivyo sitasema kwamba gofu haikunipa kitu, maana nitakuwa nadhulumu. Asubuhi na mapema, kabla wenye klabu hawajafika, tulijifunza kupiga kwa kijiti kimoja tulichoazimana. Mzee mmoja niliyekuwa namsindikiza kila Jumamosi aliniuliza nasoma wapi, nikamwambia sisomi, naye akanilipia ada ya chuo cha ufundi wa umeme hadi nikamaliza. Hakupiga picha wala hakuita mwandishi. Alinijua kwa sababu tulitembea pamoja. Leo nafunga umeme Makorora na Mabawa, na watoto wangu wanakula kwa ufundi huo.

Kwa hiyo Mkaazi ana haki kuhusu picha, ila amekosea kudhani kwamba kijana hapati chochote. Anapata kupitia mkoba kuliko kupitia hundi.

#8 Mwalimu wa Pongwe

Kedi Mstaafu, umenikumbusha mfuko wa Evans wa Marekani. Evans, mfanyabiashara tajiri wa Chicago aliyependa gofu, aliweka fedha zake ili makedi wasomeshwe vyuo vikuu. Kama klabu za hapa zingefanya vivyo hivyo, tusingekuwa na mjadala huu.

#9 Msomaji wa Bombo

Mwalimu, mfuko upo kweli, lakini habari ya utajiri si sahihi, na tofauti hiyo ina uzito katika mjadala wetu. Charles Evans, aliyeitwa Chick, alianza kama kedi tangu utotoni katika uwanja wa Edgewater, Chicago. Mwaka 1916 alitwaa mashindano makubwa mawili ya Marekani, U.S. Open na U.S. Amateur, kwa pamoja, jambo ambalo hakuna aliyelifanya kabla yake katika mwaka mmoja. Akapata fedha kutokana na masomo ya gofu yaliyorekodiwa kwenye santuri. Kama angezitia mfukoni angepoteza hadhi ya mchezaji wa ridhaa, ambayo siku hizo ililindwa kwa ukali mno. Mama yake ndiye aliyempa wazo kwamba fedha hizo ziwasomeshe makedi. Chama cha Western Golf Association kikakubali kuusimamia mfuko, na mwaka 1930 vijana wawili wa kwanza wakaingia Chuo Kikuu cha Northwestern. Wahitimu wa mfuko huo sasa wamepita 11,000, wakiwa wamelipiwa ada na malazi. Mwombaji huangaliwa kazi yake ya ukedi, alama zake za masomo, hali ya kipato cha familia na tabia yake.

Yupo pia Francis Ouimet, kedi wa zamani aliyeshinda U.S. Open mwaka 1913 kule Brookline akiwa mchezaji wa ridhaa. Mfuko wa masomo wenye jina lake ulianzishwa mwaka 1949 huko Massachusetts, kwa vijana waliofanya kazi kwenye viwanja vya gofu.

Kwa maneno mengine, mifuko hii miwili ina majina ya watu waliowahi kuusikia uzito wa mkoba. Tajiri angejenga jengo na kuliandika jina lake juu ya mlango.

#10 Mgosi wa Ndima

Yaani mama ndiye aliyetoa wazo na mtoto ndiye aliyepewa jina la mfuko. Hilo nalo linafahamika sana Tanga.

#11 Mzee wa Raskazone

Vijana wangu, mnazungumza kana kwamba mlango wa gofu ulikuwa wazi kwa kila kedi mwenye kipaji. Enzi za wakoloni klabu nyingi katika nchi zetu zilikuwa za Wazungu, na Mwafrika aliingia kwa kazi. Nitawapa mfano wa Afrika Kusini, ambako habari zake zimeandikwa vizuri.

Sewsunker Sewgolum, aliyeitwa Papwa, alikuwa kedi wa Durban mwenye asili ya India. Alijifunza mwenyewe, na alishika kijiti kinyume na watu wote, mkono wa kushoto ukiwa chini ya ule wa kulia. Alishinda Dutch Open mwaka 1959, akarudia 1960 na 1964. Mwaka 1963 alishinda Natal Open katika uwanja wa Durban Country Club, na kwa kuwa sheria za ubaguzi hazikumruhusu kuingia ndani ya jengo la klabu, alikabidhiwa kombe nje, mvua ikinyesha. Picha yake ikazunguka dunia. Baadaye serikali ikamzuia kabisa kushiriki mashindano.

Nchi hiyohiyo leo ina bodi ya kuendeleza gofu kwa watoto wa mitaa masikini, iliyoanzishwa mwaka 1999, na Gary Player alianzisha taasisi yake mwaka 1983 kwa ajili ya elimu ya watoto wasiojiweza karibu na Johannesburg. Naheshimu kazi hiyo. Lakini mkiniuliza kwa nini gofu inatoa hisani kuliko michezo mingine, nitawajibu kwamba ina deni kuliko michezo mingine. Inakalia ardhi kubwa, inakunywa maji mengi, na iliwafungia watu mlango muda mrefu. Mpira wa miguu hauna deni hilo kwa mtoto wa Ngamiani, maana yeye alijitengenezea wa makaratasi na kamba za mkonge akacheza.

#12 Mhasibu wa Majani Mapana

Shikamoo Mzee. Hoja ya deni inagusa moyo, lakini sijawahi kuona kampuni ikiandika kwenye bajeti yake «kulipa deni la ukoloni». Huandika «matangazo».

#13 Mzee wa Raskazone

Marahaba. Mdaiwa hujificha nyuma ya maneno mengi, mwanangu, na hilo mojawapo.

#14 Mama Wawili wa Donge

Mimi nina maelezo ya tatu, au ya nne, sijui tumefika la ngapi. Naona tofauti kubwa ni kudumu. Mashindano ya Memphis, Marekani, yamekuwa yakiichangia hospitali ya watoto ya St. Jude tangu mwaka 1970. Hospitali hiyo ilifunguliwa mwaka 1962 na mchekeshaji Danny Thomas, na familia za watoto wanaotibiwa saratani pale hazitozwi gharama za matibabu. Mashindano yamebadilisha wadhamini na majina mara kadhaa, lakini hospitali haikubadilika. Mganga mkuu anajua kwamba mwakani fedha zitakuja, anaajiri mtafiti, ananunua mtambo.

Huku kwetu mwaka huu ni madawati, mwakani ni miti, mwaka unaofuata ni kofia za kuzuia jua. Mwaka fulani shule ya jirani yangu iliahidiwa matundu ya vyoo kutokana na mashindano ya kampuni ambayo sitaitaja. Msingi ulichimbwa, ukapigwa picha, kisha kampuni ikahamia kwenye mazingira. Shimo lilibaki hadi wazazi walipochangishana wakalimalizia. Kosa sikuliona kwenye gofu, kwa sababu hata harambee ya harusi ingefanya hivyo.

Na jambo jingine, ndugu zangu. Kedi, mzee wa Jumamosi, Evans, Ouimet, Papwa, wote wanaume. Binti yangu anabeba mkoba wa nani?

#15 Msomaji wa Bombo

Dada, swali lako ni la haki. Marekani kuna mpango wa gofu kwa wasichana ulioanzia Phoenix mwaka 1989, ulioanzishwa na mwalimu wa gofu Sandy LaBauve, na sasa unaendeshwa na LPGA, chama cha wanawake wa gofu ya kulipwa, pamoja na USGA, chama cha gofu cha Marekani. Kwa hapa Tanzania tunao wanawake waliofika mbali, na Madina Iddi wa Arusha ni jina linalojulikana Afrika Mashariki nzima. Pia mashindano ya Lina PG Tour, yaliyoanza mwaka 2024, yanamuenzi marehemu Lina Nkya, aliyekuwa mchezaji wa timu ya taifa, na yamezunguka viwanja vya mikoa kadhaa yakihusisha wachezaji wa kulipwa na wa ridhaa. Uwanja wa Lugalo nao, ulio chini ya Jeshi, umelea makedi na chipukizi wengi.

#16 Mkaazi wa Chumbageni

Arusha, Moshi, Morogoro, Lugalo. Niliuliza habari za Tanga.

#17 Mwalimu wa Pongwe

Mkaazi, tuache kidogo fedha tutazame mafunzo, kwa sababu pengine tunapima kwa kipimo kisicho chake. First Tee ya Marekani ilianza mwaka 1997 kwa ushirikiano wa vyama vikubwa vya gofu pamoja na mashindano ya Masters. Mwanzo ilikusudia kupata viwanja vya bei nafuu, baadaye ikajikita zaidi katika kufundisha tabia, ikijengwa juu ya maadili tisa yakiwemo uaminifu, heshima, uvumilivu na kujiamini. Uingereza wana Golf Foundation tangu mwaka 1952, ambayo mkono wake mkubwa uko mashuleni: vijiti vya plastiki, mipira laini, malengo ya kulenga ukutani au uwanjani, na mwalimu wa kawaida aliyepewa mafunzo mafupi. Mtoto wa darasa la tatu hahitaji mashimo 18. Anahitaji uwanja wa shule na mtu mzima mmoja mwenye subira.

Gofu ina jambo ambalo mimi kama mwalimu nalitamani. Mara nyingi mchezaji hana refa pembeni yake. Mpira ukisogea kwa kuguswa na mguu wake porini ambako hakuna anayemwona, yeye mwenyewe ndiye anayesema na kujiadhibu. Darasani kwangu ninao wanafunzi 70 na zaidi, na siwezi kuwa refa wa kila mmoja.

#18 Mgosi wa Ndima

Mwalimu, umesema mchezaji anajiadhibu mwenyewe bila kuonwa? Halafu mchezo huo unachezwa na wakurugenzi?

#19 Mhasibu wa Majani Mapana

Ndiyo maana kuna mkaguzi.

#20 Kedi Mstaafu

Mgosi asidhani ni utani mtupu. Nimewaona waheshimiwa wakisogeza mpira kwa ncha ya kiatu, na nimewaona wengine wakijiongezea mkwaju ambao mimi mwenyewe sikuuona. Kedi anawajua wote wawili kabla ya benki kuwajua. Kwa hiyo simwamini Mwalimu moja kwa moja kwamba mchezo unajenga tabia. Nadhani unaifunua tu iliyokuwepo. Mtoto mwaminifu atabaki mwaminifu hata kwenye rede.

#21 Mwalimu wa Pongwe

Ungekuwa unasema kweli, kaka, shule zingefungwa zote.

#22 Mkaazi wa Chumbageni

Naona tumepata maelezo mengi, na hakuna aliyekubaliana na mwenzake. Mhasibu anasema ni muundo na matangazo, Mzee anasema ni deni, Mama Wawili anasema ni kudumu, Kedi anasema ni kutembea pamoja. Kama Kedi yuko sahihi, basi mashindano ya siku moja ndiyo njia mbaya kuliko zote, kwa kuwa mchezaji anamwona kijana mara moja na hamwoni tena. Na kama Mhasibu yuko sahihi, siku moja inatosha kabisa, kwa sababu tangazo limekwisha kutoka. Mnaona? Hizo haziwezi kuwa kweli zote mbili.

#23 Mhasibu wa Majani Mapana

Zinaweza. Mimi nimeeleza kwa nini fedha zinaingia, Kedi ameeleza kwa nini zinafika. Huo mfuko wa Evans alioueleza Msomaji una yote mawili, maana watu wanachanga kwa kawaida tu, lakini anayepokea ni kedi ambaye klabu inamjua na imemwandikia barua. Tatizo la kuuhamishia hapa ni kwamba unahitaji klabu nyingi, wanachama wengi na makedi wanaosoma huku wakifanya kazi. Kwetu kedi mara nyingi ni baba wa familia, si mwanafunzi wa likizo. Ukimpa ufadhili wa chuo kikuu atakuuliza nani atanunua unga.

#24 Kedi Mstaafu

Hapo umesema kweli tupu. Mimi ningeanza na bima ya afya ya makedi na ada za watoto wao, na chuo kikuu kingefuata.

#25 Mwalimu wa Pongwe

Basi niombe jambo dogo lisilohitaji hundi. Uwanja wetu wa shule uko wazi Jumamosi asubuhi, timu ya mpira huanza mazoezi alasiri. Kama Kedi Mstaafu ataridhia kuwaonyesha watoto namna ya kushika kijiti, mimi nitaomba kibali kwa mwalimu mkuu na kuwaandikia wazazi.

#26 Mhasibu wa Majani Mapana

Kabla hamjapokea msaada wa mtu yeyote, Mwalimu, andikeni kwenye barua nani atanunua vifaa vikivunjika mwaka wa pili. Asiyekuwa na jibu la swali hilo mrudishieni bango lake.

#27 Mzee wa Raskazone

Na majirani wenye vioo muwape taarifa.

#28 Kedi Mstaafu

Nimeridhia. Nina vijiti viwili vya zamani ambavyo nitavikata vifae kimo cha watoto, na tutaanza na mipira ya tenisi ili Mzee asipate wasiwasi na vioo.

#29 Mama Wawili wa Donge

Na wasichana je?

#30 Kedi Mstaafu

Waje, dada. Wavae raba, wasije na kandambili.

#31 Mkaazi wa Chumbageni

Nitakuja kutazama. Dai langu silifuti.